Boksi la elektroniki au waya mnene? Hesabu ya laini inayoshuka jioni na kupanda mchana

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi niko upande wa mipango kwenye kampuni ndogo ya kusambaza umeme. Tuna laini moja ya volteji ndogo, mita 500 kutoka kwenye transfoma, waya wa alumini wa milimita za mraba 50, fezi tatu na nyutro (waya wa kurudishia mkondo), juu ya nguzo za kawaida. Kwenye transfoma tunatoa 240. Jioni tukipima mwisho wa laini, fezi nyekundu inasoma 196, njano 234, bluu 229. Mchana jua likiwa kali, maana watu wengi wameweka sola, hiyohiyo nyekundu inapanda mpaka 254 na zingine ziko kama 241. Lodi ya juu kabisa ni kilowati 40, pawa fakta 0.9. Sasa kuna muuzaji katuletea boksi la elektroniki la kVA 20, anasema tukilifunga pale chini ya transfoma litanyoosha volteji, litapunguza hasara kwa asilimia 30 na litajilipa ndani ya miaka 3. Bosi wangu anasema hayo ni mambo ya maonyesho, tuweke waya mnene tumalize. Mimi niko katikati, sijui hesabu naanzia wapi. Hizi elektroniki za nguvu kwenye mtandao wa usambazaji zina faida ya kweli au ni gharama tu?"

Ndugu yangu, nashukuru umeleta na namba, manake wengi wanauliza swali hili bila namba hata moja na hapo mtu anabaki kubahatisha. Nikikuelewa vizuri una mambo mawili yamechanganyika: volteji inayowaumiza wateja mwisho wa laini, na pesa ambayo ukiitumia vibaya leo utaulizwa kesho. Nikuambie msimamo wangu mapema ili usisome ukisubiri. Elektroniki za nguvu zina faida ya kweli na kuna sehemu hakuna kitu kingine kinachoweza kazi yake, ila faida hiyo mara chache sana ni kupunguza hasara, yaani umeme unaopotea njiani kwa kupasha waya joto, kwa hiyo muuzaji wako anauza kifaa ambacho kinaweza kuwa kizuri kwa sababu ambayo si ya kweli. Na bosi wako naye yuko sahihi nusu. Kabla ya boksi na kabla ya waya kuna kazi ya bei ndogo ambayo namba zako mwenyewe zinaidai, tuanze nayo.

Hebu ziangalie tena hizo fezi. Nyekundu 196, wenzake 234 na 229. Mchana nyekundu 254, wenzake 241. Yaani fezi ileile moja ndiyo inayozama jioni na ndiyo inayopaa mchana. Laini ikiwa nyembamba tu au ndefu tu, fezi zote tatu zingeshuka pamoja. Hii inaonyesha wateja wengi, na sola nyingi, mmezirundika kwenye nyekundu. Inatokea sana, fundi akienda kuunganisha nyumba mpya anachukua waya ulio karibu na mkono wake, miaka inapita, nyumba kumi zinakuwa ishirini, hakuna aliyehesabu.

Na uzito wa jambo hili watu hawaujui. Mzigo ukigawanywa sawa kwenye fezi tatu, mikondo inafutana kwenye nyutro na nyutro inabaki haina kazi. Mzigo uleule ukiubebesha fezi moja, mkondo kwenye fezi hiyo unakuwa mara 3, na unarudi wote kupitia nyutro, kwa hiyo nayo inapoteza. Hasara inafuata mraba wa mkondo, mara 3 inakuwa mara 9, halafu kuna nyaya mbili zinazopoteza badala ya tatu, ukipiga hesabu yote hasara inakuwa mara 6 ya ile ya mzigo uliosawazishwa, kama nyutro ni nene sawa na fezi. Kushuka kwa volteji nako ni mara 6. Ninyi hamjafika huko kwenye mwisho kabisa, ila mko njiani. Tena kuna jambo lingine, nyutro ikibeba mkondo mkubwa yenyewe inapata volteji, na volteji hiyo inazishusha fezi zilizolemewa na kuzinyanyua zisizolemewa. Ndiyo maana njano inasoma 234 mita 500 mbali, karibu sawa na pale inapotoka.

Kazi ya kwanza basi ni kuhamisha wateja kutoka nyekundu kwenda njano na bluu, na kuhamisha sola hivyohivyo, sio mita za nyumba tu. Mafundi wawili na gari la ngazi, siku chache. Chukua usomaji wa mita za wateja, panga nani anatumia sana jioni, nani ana sola ya ukubwa gani, halafu gawa. Haitakuwa sawa asilimia 100 kwa sababu watu hawapiki kwa wakati mmoja, lakini utashangaa ni kiasi gani cha tatizo lako kitaondoka bila kununua chochote. Ukimaliza pima tena, hapo ndipo unajua tatizo lililobaki lina ukubwa gani. Ukinunua boksi kabla ya hapo utakuwa umenunua boksi la kurekebisha kazi ya koleo na spana.

Sasa hiyo asilimia 30. Namba hii ina asili yake, haijatoka hewani. Pawa fakta ni kipimo cha ni sehemu gani ya mkondo inafanya kazi ya kweli, 1 ikiwa ni yote. Ukiwa na pawa fakta 0.8 ukaipandisha mpaka 0.95, mkondo unapungua kama asilimia 16, na kwa kuwa hasara inafuata mraba, hasara ya kwenye waya inapungua kama asilimia 29. Ndiyo hiyo 30 ya kwenye makaratasi yao. Ila ninyi mko 0.9 tayari. Hata mkiipeleka mpaka 1 kamili, hasara inapungua asilimia 19, basi. Na hiyo ni asilimia ya hasara, sio asilimia ya umeme. Kama laini yenu inapoteza asilimia 6 ya umeme unaopita, asilimia 19 ya hiyo 6 ni kama asilimia 1.1 ya umeme. Muuzaji akisema asilimia 30 mkurugenzi anasikia theluthi ya bili.

Halafu anasema lifungwe chini ya transfoma. Hapo kaka ni lazima usimame. Boksi la aina hii linafanya kazi kwa kutengeneza pawa ya riaktivu, yaani ule umeme wa kwenda na kurudi ambao mota na vitu vya koili vinauhitaji bila kuugeuza kuwa kazi, pale lilipo, ili isisafiri kutoka mbali. Kwa hiyo nyaya zinazopumzika ni zile zilizo kati ya chanzo na boksi. Nyaya zilizo mbele ya boksi, yaani kuelekea kwa wateja, zinabeba mkondo uleule wa jana. Ukilifunga kwenye transfoma, mita zako 500 zote hazijui kama lipo. Linasaidia transfoma kidogo na laini ya volteji ya kati nyuma yake, huko mkondo wenyewe ni mdogo. Kama riaktivu imetawanyika sawa kwenye laini yote, kanuni ya zamani ya kapasita (kifaa rahisi, kisicho na elektroniki, kinachotoa riaktivu) inasema uweke ukubwa wa theluthi mbili ya riaktivu yote, umbali wa theluthi mbili kutoka kwenye transfoma. Muuzaji anapenda chini ya transfoma kwa sababu pana nafasi, pana ulinzi na ni rahisi kufikika, ni sababu za haki kwake, ila haziisaidii laini.

Tupige hesabu yenyewe, tukimpa muuzaji nafasi nzuri kuliko anayostahili. Tuseme boksi liko mwisho wa laini, mzigo wote kilowati 40 uko mwisho, na fezi mmeshazisawazisha. Waya wenu una ukinzani kama om 0.6 kwa kilomita, kwa mita 500 ni 0.3. Riaktansi, yaani kizuizi kinachotokana na sumaku ya mkondo wenyewe, ya nyaya zilizoachana juu ya nguzo ni kama 0.3 kwa kilomita, kwenu ni 0.15. Mkondo kwa pawa fakta 0.9 ni kama ampea 64, hasara kwenye fezi tatu ni mara tatu ya mraba wa 64 mara 0.3, inakuja kama kilowati 3.7. Boksi likiondoa riaktivu yote mkondo unashuka mpaka kama ampea 58 na hasara inakuwa kilowati 3. Umeokoa kilowati 0.7 saa ya lodi ya juu.

Lakini lodi ya juu haikai siku nzima. Kwa laini ya nyumba ambayo wastani wa lodi ni kama nusu ya kilele, hasara ya mwaka inakuwa kama 0.3 ya hasara ya kilele ukiizidisha kwa masaa yote 8,760. Kwa hiyo akiba yako ni 0.7 mara 0.3 mara 8,760, kama uniti 1,840 kwa mwaka. Sasa boksi lenyewe linakula. Feni, bodi za kuongoza, swichi zinazofungua na kufunga hata kama hakuna kazi. Tuchukue asilimia 1 ya ukubwa wake likiwa limekaa tu, wati 200, na wati 200 zaidi likifanya kazi kamili, ni makadirio ya kawaida kwa vifaa hivi. Hizo za kukaa tu zinakula uniti 1,750 kwa mwaka, za kazi kama 530, jumla 2,280. Umeokoa 1,840 umetumia 2,280. Boksi la kupunguza hasara limeongeza hasara.

Unaweza kuliwasha masaa 5 ya jioni tu na hapo linapata faida ndogo, kama uniti 550 kwa mwaka ukihesabu kwa ukarimu, na hiyo ndiyo mali yote ya kulipia kifaa. Sioni miaka 3 hapo. Usinielewe vibaya, sisemi muuzaji ni mwongo, pengine amechukua mfano wa kiwanda chenye mota nyingi na pawa fakta ya 0.7 akauleta kwenye laini ya nyumba. Kiwandani hesabu inabadilika kabisa. Na hata huko kapasita za kawaida zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi, boksi la elektroniki linashinda pale tu mzigo unaporukaruka haraka, kama mashine za kuchomelea au tanuru la umeme, ambapo kapasita inayowashwa kwa kontakta (swichi ya sumaku) haiwahi.

Vipi volteji? Hapa pia fizikia ya laini ndogo inabana. Kwenye mfano huohuo, kwa kila fezi, kilowati zenyewe zinashusha kama volti 17 kupitia ukinzani, na riaktivu inashusha kama 4 kupitia riaktansi. Boksi la riaktivu linakurudishia hizo 4. Kwenye laini kubwa za kusafirisha umeme mambo ni kinyume, riaktansi ni kubwa mara nyingi kuliko ukinzani, ndiyo maana huko vifaa hivi vina sifa kubwa na sifa hiyo imekuja kuuzwa kwenye laini za mtaani ambako haitoshi. Ukiwa na kebo za kusokotwa pamoja au za ardhini hali ni ngumu zaidi maana riaktansi yake ni ndogo sana.

Bosi wako na waya wake mnene sasa. Waya wa milimita za mraba 100 unapunguza ukinzani kwa nusu. Hasara ya kilele inatoka 3.7 kwenda kama 1.85, kwa mwaka unaokoa karibu uniti 4,900, zile volti 17 zinakuwa 9, na mchana sola inaporudisha umeme kwenye transfoma, kupanda kwa volteji nako kunapungua kwa nusu. Hauna feni, hauna programu, unakaa miaka 30 au 40. Kwa hasara, waya unashinda na hakuna ubishi. Gharama yake iko kwingine: nguzo za zamani zinaweza zisibebe uzito na mvuto wa waya mzito, ukibadilisha nguzo bajeti inakuwa nyingine kabisa, kuna kuzima umeme, kuna njia za kupita kwenye viwanja vya watu. Na kama ni kebo ya ardhini chini ya barabara ya lami, kazi ya kuchimba inaweza kuzidi bei ya kebo yenyewe mbali sana. Hapo ndipo elektroniki zinaanza kusikilizwa.

Nikueleze basi zinapofaa, na kwa nini. Ndani ya hayo maboksi yote kuna swichi za semikondakta zinazofungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kuchagua lini zifungue unaweza kutengeneza volteji au mkondo wa umbo lolote unalotaka, ndani ya milisekunde. Transfoma yenye tapu za mitambo (sehemu za kuchagua volteji inayotoka) inabadilisha kwa hatua, inachukua sekunde, na kila ikibadilisha inachakaa. Sasa kuna namna mbili za kuutumia uwezo huo. Moja ni kupitisha umeme wote ndani ya elektroniki. Nyingine ni kupitisha kipande kidogo tu. Tofauti hii ukiishika utaweza kupima karibu kila boksi utakaloletewa maisha yako yote.

Rekebisha-volteji ya elektroniki inayofungwa mfululizo na laini, inayoongeza au kupunguza mpaka asilimia 10, inashughulika na hiyo asilimia 10 tu. Kwa laini ya kVA 44 kama yenu, elektroniki zake ni kVA 4 au 5. Hata zikipoteza asilimia 4 za ukubwa wake, hiyo ni kama wati 200 kwenye laini ya kilowati 40, nusu asilimia. Na inakupa volti 20 na zaidi kwa kila fezi peke yake, juu au chini, jioni inanyanyua na mchana inashusha. Kwa tatizo lako hiki ndicho kifaa, au kile cha kusawazisha kinachofungwa mbali kwenye laini na kuhamisha mzigo kutoka fezi iliyolemewa kwenda nyingine. Hicho cha pili kazi yake haifanywi na waya mnene, kwa sababu kinaweza kusawazisha jioni kwa upande mmoja na mchana kwa upande mwingine. Ila elewa, rekebisha-volteji haikusudiwi kupunguza hasara ya waya, na volteji ikinyanyuliwa, mizigo ya ukinzani kama pasi na hita inavuta mkondo zaidi. Unainunua kwa ajili ya volteji, basi.

Upande wa pili kuna transfoma ya elektroniki inayopitisha umeme wote. Kwenye karatasi inavutia sana, nyepesi, inarekebisha kila kitu, inatoa hata umeme wa moja kwa moja (DC) wa kuchajia magari. Ila umeme unapita hatua tatu ndani yake, hata kila hatua ikiwa asilimia 98.5, zote pamoja ni kama 95.6. Transfoma ya kawaida ya chuma na mafuta iko 98 au 99. Na transfoma za mtaani masaa mengi zinabeba lodi ndogo, huko elektroniki zinazidi kufanya vibaya. Kwa mtandao wa nyumba za kawaida leo mimi nisingeiweka.

Na katikati yake kuna kinachoitwa kiungo laini, laini kwa maana ya ulaini, sio ya waya: ni elektroniki zinazounganisha mwisho wa laini mbili za transfoma tofauti, moja ikielemewa mwenzake anasaidia, bila kuchanganya mikondo ya shoti ya pande mbili. Uingereza kampuni ya UK Power Networks ilivijaribu kwenye volteji ndogo London na Brighton, miji ambayo kuchimba barabara ni balaa. Sehemu ya namna hiyo, kebo zimejaa chini, laini moja ya maofisi imelemewa mchana na ya jirani ya makazi imelemewa usiku, hesabu inaweza kutoka chanya vizuri.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya bei, na mimi naziogopa kuliko bei yenyewe. Ya kwanza ni joto. Transfoma imejaa mafuta na chuma, ni kama sufuria kubwa la maji, ukiizidishia moto inachelewa kupata joto, ndiyo maana inavumilia kuzidiwa masaa kadhaa jioni kisha inapoa usiku. Kijipande cha semikondakta kina joto la mwisho la digrii 150 au 175 na kinafika huko ndani ya sekunde au chini yake. Kwa hiyo boksi inabidi ulinunue la ukubwa wa kilele chako pamoja na akiba, wakati transfoma unanunua ukijua itavumilia. Kapasita za elektroliti zilizomo ndani nazo, kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda digrii 10 umri wake unapungua nusu. Boksi likifungwa juani kwenye nguzo, vumbi limeziba chujio la feni, hiyo miaka 15 ya kwenye broshua sahau. Weka kwenye hesabu yako kwamba utabadilisha kapasita na feni mapema, na boksi zima angalau mara moja, pengine mara mbili, ndani ya umri wa waya mmoja.

Ya pili ni ulinzi. Shoti ikitokea, transfoma inaweza kumwaga mkondo mara 20 ya kawaida na fyuzi inaruka. Elektroniki zinajilinda, zinatoa mara 1.2 mpaka 1.5 hivi kisha zinajizima, fyuzi inaweza hata isihisi. Kwako transfoma ya kawaida bado ipo kwa hiyo mkondo wa kurusha fyuzi utatoka huko, sawa, lakini kifaa kilichofungwa mfululizo kitapitiwa na huo mkondo wote, lazima kiwe na njia ya pembeni inayofunga haraka kabla semikondakta hazijalipuka. Uliza: boksi likifa, umeme unapita au mtaa mzima unalala giza? Swali hili moja limewaondoa wauzaji wengi mezani. Kuna pia hamoniki, swichi hizi zinachafua umbo la wimbi, na nyingi siku hizi zinasukuma uchafu kwenye masafa ya makumi ya kilohezi ambako mita za kusoma kupitia waya nazo zinawasiliana. Na kuna programu: nani ataisasisha, nani ana nywila, kampuni ikifunga milango bodi mpya utaitoa wapi.

Kwenye pesa nataka ukumbuke faida moja ambayo wahasibu wanaielewa haraka, ya kuahirisha. Ukiwa na kazi ya waya inayogharimu 100, na boksi likakuruhusu kuisogeza mbele miaka 5, kwa riba ya asilimia 8 thamani ya leo ya hiyo 100 ni kama 68. Umepata 32. Boksi pamoja na kulifunga, kulilinda na hasara yake likigharimu chini ya hapo, umeshinda, tena unaweza kulihamisha kwenda laini nyingine. Faida hii ni kubwa zaidi pale ambapo hujui mtaa utakua vipi, pengine watakuja na magari ya umeme, pengine watu watahama, waya ukishaufunga umefunga. Likigharimu 40, acha. Hii ndiyo hesabu ya kumpelekea bosi, sio ya hasara.

Na usisahau kwamba elektroniki za nguvu mnazo tayari kwenye laini, zimelipiwa na wateja. Kila inveta ya sola, ile inayogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani, ni boksi la aina hiyohiyo. Kiwango cha IEEE 1547 cha mwaka 2018, cha shirika la wahandisi wa umeme, kinazitaka inveta ziwe na uwezo wa kunyonya riaktivu volteji ikipanda, na nyingi za kisasa zinaweza pia kupunguza kilowati kidogokidogo badala ya kujizima ghafla. Mara nyingi zimefungwa na mipangilio hiyo imezimwa. Kuwasha ni fundi na simu. Kwa laini yako riaktivu itakupa volti chache tu kama tulivyoona, lakini wewe uko 254 na kikomo cha wanaofuata asilimia 10 juu ya 230 ni 253, hizo chache ndizo unazozitafuta.

Kwako wewe, ningefanya kwa mtiririko huu: sawazisha fezi, washa mipangilio ya inveta, angalia tapu ya transfoma kama 240 ya kutoka bado inafaa mchana, pima tena wiki nzima kwa wastani wa dakika 10. Ikibaki chini ya 207 jioni, yaani asilimia 10 chini ya 230, na nguzo zako ni nzima, bosi ameshinda, vuta waya. Nguzo zikiwa mbovu au bajeti iko mbali, tafuta rekebisha-volteji ya mfululizo ya kufunga katikati ya laini, sio boksi la riaktivu. Muuzaji akitaka kuendelea, mwombe jedwali la hasara kwa lodi ya asilimia 10, 25, 50 na 100, na hasara likiwa limekaa tu. Asiyekuwa nalo usimpe hata laini ya kujaribia.

Kuna sehemu moja ambayo barua haitoshi. Tofauti ya volteji kati ya fezi inaweza kuwa ni mzigo kama nilivyoeleza, na inaweza pia kuwa kiungo cha nyutro kimelegea au kimeliwa na kutu, dalili zinafanana. Mpeleke fundi mwenye kibali akague viungo vyote vya nyutro na eathi kwenye hiyo laini wiki hii, kabla ya mipango yote, akipima mkondo wa nyutro kwa mita ya klampu na joto la viungo jioni lodi ikiwa juu. Wateja wakianza kusema taa zinang'aa kupita kiasi nyumba moja na kufifia ya jirani, au mtu anapigwa shoti akigusa bomba, usisubiri jioni, zimeni laini kwanza, nyutro ikikatika fezi nyepesi inaweza kupanda kuelekea 400 na vitu vya watu vinaungua. Na kabla ya kufunga chochote cha mfululizo, lipia injinia wa ulinzi aje apime mkondo wa shoti mwisho wa laini na apange upya fyuzi zenu. Ukishapata vipimo vya wiki baada ya kusawazisha, niletee, tutaangalia pamoja kama rekebisha-volteji iwe mita 250 au isogee mbele kidogo.